Waya Uliopita kwa Baba Mdogo

Mbooni,
Makueni.
Novemba 18, 2024.

Mpendwa ndugu yangu Musyimi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Je, kifua kilichokusumbua kwa ajili ya vumbi la Doha kimepoa? Na Bile, mwenzako wa chumba, bado mnapika pamoja? Sisi tunapumua tu. Mvua imenyesha vizuri, maharagwe yameota, lakini hakuna aliye na moyo wa kuyapalilia. Mama hali chakula. Anaonja uji kidogo, kisha anarudi kitandani.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu nashindwa. Kila ukipiga naishia kukuuliza habari za kazi. Katunge wa kanisa letu anarudi kazini huko Jumatano, nimemwomba akubebee barua hii.

Uliambiwa baba mdogo Nzau aliuawa na stima. Hukuambiwa ni stima gani. Ndugu yangu, ni ile ya kamera zako.

Najua ulizituma kwa upendo. Mbuzi walipoibwa na Mama akaanza kulala na panga kando ya kitanda, sote tulifurahi kusikia kamera zinakuja, nawe utalinda boma kwa simu ukiwa huko. Fundi Mbithi alitoka mji wa Salama kuziweka. Ya ukutani haikumpa taabu. Shida ilikuwa ya lango, unajua lilivyo mbali kule chini. Alisema umeme mdogo wa adapta ungefifia njiani, kwa hivyo lazima stima yenyewe ya nyumba ifike hadi kwenye nguzo ya lango, waya ukiwa ndani ya paipu, chini ya udongo. Upande wetu ni mwamba mtupu, jembe linatoa cheche. Palipochimbika ni pale kwa baba mdogo, pembeni mwa migomba yake.

Yeye alikuwa ameenda mji wa Kabati kumwona binti yake Mutanu aliyejifungua. Tulimpigia, simu ikawa imezimwa.

"Chimbeni," Mama akasema. "Nzau ndiye aliyewalea, baba yenu alipokufa. Atakataa nini?"

Alirudi Jumamosi. Akaona udongo mbichi, akaufuata mtaro mpaka langoni, akainua macho akaiona kamera inamtazama katika njia tunayopita sote. Alikuja akasimama mlangoni. Nilimpa kiti, hakukikalia.

"Leo ni waya, kesho ni seng'enge," akamwambia Mama. "Na Musyimi, mtoto niliyembeba mgongoni, siku hizi ananivizia kama mwizi?"

Mama alimwomba msamaha. Nami nikamwambia fundi ataitwa Jumatatu autoe. Aliondoka polepole, nikadhani ameridhika.

Kesho yake tukiwa kanisani alienda kuutoa mwenyewe. Ardhi ilikuwa imelowa. Aliifukua paipu, akaikata kwa panga lake lenye mpini wa mbao, na nafikiri hapo hakuumia. Kisha akashika ule mwisho uliokatwa ili auvute aukunje. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba swichi huzimwa kwanza ndani ya nyumba.

Mama mdogo Kalondu, mkewe, alienda kumwita anywe chai, akamkuta ameanguka mtaroni. Alipiga mayowe. Majirani walivunja dirisha letu ili waingie kuzima swichi. Nilipofika nikitoka kanisani alikuwa amefunikwa leso, na waya ungali mkononi.

Wazee wa ukoo walikaa, wakasema ni ajali, hakuna wa kulaumiwa. Afadhali wangelaumu. Mama anasema ni yeye aliyemuua. Mbithi alikuja mazishini, akasimama mbali na watu, akaondoka bila kula. Nami najua ukimaliza kusoma hapa utasema ni wewe. Sina maneno ya kukukataza, maana hata mimi mwenyewe sijapata ya kujituliza. Mchungaji anakuja kuomba nasi. Tunasema amina, anaenda, nyumba inabaki vile vile. Mwizi mwenyewe hajarudi tena.

Sasa kuna jambo moja. Kalondu alikuwa hajatusemesha tangu mazishi. Juzi alikuja, akasimama uani.

"Ndinda, nimesikia ile mashini huweka watu," akasema. "Baba Mutanu alipita pale langoni Jumamosi akitoka Kabati, mzima, na kofia yake. Picha tulizo nazo amesimama tu kama mti. Mimi nataka kumwona akitembea."

Nilimwambia nitakuuliza. Akashukuru, ndugu yangu. Alinishika mkono akashukuru. Jana amekuja tena kuuliza kama umejibu.

Nilimpigia Mbithi. Anasema kadi ya kuhifadhi haikuwa imewekwa, picha zilikuwa zinapita tu kwa simu yako na kupotea, labda kama wewe uliinasa mojawapo. Tafadhali tafuta. Ukipata, tuma hata kama ni hatua mbili tatu tu. Kama hakuna, usimpigie Kalondu. Niambie mimi kwanza, nione jinsi nitakavyosimama mbele yake.

Mama anakusalimu, ingawa hajui ninaandika. Mutanu anakusalimu, yuko hapa na mtoto. Msalimie Bile, mwambie atuombee kwa njia ya dini yake. Mungu wa babu zetu akufunike huko ugenini, na akuletee usingizi ambao sisi hatuna.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata sasa,

Ndinda