Safu ya Tatu, Kando ya Nguzo

Dada Mwanaidi, shikamoo wewe na goti lako huko Lamu.

Sinema yetu ya Likoni imefungwa, na ukumbi sasa ni duka la vyoo! Vyoo vya kukalia, vyeupe pepepe, vimepangwa safu kwa safu palipokuwa na viti, vyote vimeelekea ukuta wa pazia kama vinangoja picha ianze. Watazamaji wa siku hizi hao: hawalii, hawatupi maganda ya njugu. Mwenye duka, bwana mmoja na tai yake, ati akaniambia hapa palikuwa ghala tu. Ghala! Jumatano za wanawake tulijaa hadi mlangoni.

Nikaenda safu ya tatu, kando ya nguzo, nikaketi juu ya kifuniko cha choo. Mwenye duka akatabasamu, maskini, akidhani nanunua. Cha pembeni nikakitandikia leso, kama nilivyokuwekea nafasi kila Jumatano. Mteja akaja kukitazama.

"Hapo pana mwenyewe," nikamwambia. "Yuaja."

Akaondoka, wallahi, tena aliomba radhi.

Mola akuponye goti upesi, dada yangu. Leso nimeiacha pale pale.

Nduguyo, Mishi