Hetal, Zile Njia Mbili Zinakutana

Hetal rafiki yangu,

Ulikuwa sahihi. Naanza na hilo kwa sababu najua ungelitaka kwanza, kabla ya salamu na kabla ya machozi.

Siku chache baada ya kukuaga kwa moto, kama ilivyo desturi ya kwenu, mama yako aliniita dukani kwake, mtaa wa Levolosi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba harakaharaka, akauliza, “Wewe na Hetal mlikuwa mnabishana nini hata hospitali?”

Nikaweka kifungo cha shati juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, nikamwambia arushe sarafu. Ikija kichwa, kifungo kiende kulia; ikija mwenge, kushoto. Hatua ya kwanza ndefu, ya pili fupi, ya tatu fupi zaidi, zote zikipungua kwa uwiano uleule. Swali letu: vituo vya mwisho vinatawanyika sawasawa kama unga kwenye ungo, au vinalundikana? Njia tofauti zikifikia mahali pamoja, mlundikano unaanza. Wanahisabati wanaiita mitawanyiko hiyo konvolusheni za Bernoulli, nikamwambia, akalicheka jina.

Akarusha, akarusha. Kisha akaniangalia. “Na sarafu ikirushwa bila kukoma?”

Hapo nikajua akili yako ulikoitoa.

Lakini masika yote sikuigusa programu yetu ya kompyuta ya kukokotoa vituo hivyo. Kila nikiifungua nilikusikia, umelala kwenye mashine ya kusafisha damu, sauti imepungua ila ubishi uko palepale. Kompyuta ilikuwa imetuambia kwamba zile njia mbili, ulizodai zinafika kituo kimoja, zinapishana kwa unywele. Mimi niliridhika kwamba hazikutani. Wewe ukasema, “Eliamani, huo unywele ni wa kompyuta, si wa hesabu. Achana na desimali.”

Mvua zilipokatika nikaachana nazo. Kila kituo nikakiandika kwa namba nzima tatu, zinazotosha kwa uwiano tuliouchagua, kama ulivyotaka, mashine ilinganishe namba nzima kwa namba nzima, pasipo mkia wa desimali wa kukatwa. Tofauti ikawa sifuri. Sifuri kabisa, Hetal! Nikahakiki kwa kalamu, barazani kwetu Sekei, baridi ya Julai ikiniuma vidole. Sifuri tena. Nikacheka peke yangu, nikalia, nikacheka.

Wiki iliyopita nimeitetea kazi chuoni. Mama yako alikaa mstari wa mbele. Mtahini mmoja akauliza kwa nini tujisumbue hivyo wakati desimali ni za haraka. Nikamjibu, “Zinawahi kufika mahali pasipo sahihi, mheshimiwa,” nikamwonyesha zile njia mbili. Akaandika. Kisha akauliza mbona nasema “tumepata”, nami nimesimama peke yangu. Nikaonyesha slaidi ukutani, jina lako lilipotangulia langu.  Tulipotoka nje, mama yako akanikumbatia.

Wamepitisha.

Nakukumbuka zaidi ninapopata kitu kizuri, maana sina wa kukipinga. Wengine wananisifu tu. Wewe ulikuwa unakunja uso, unasema, “Hebu rudia hapo,” nami narudia, na kweli pana shimo.

Jumatatu napewa darasa langu la kwanza, vijana wa mwaka wa kwanza, ukumbi mzima. Siogopi. Nakuahidi kwamba hakuna atakayetoka mikononi mwangu akiliamini jibu kwa sababu tu limetokea kwenye skrini.

Nenda salama, dada.

Eliamani