Umekauka, au Umekaushwa?

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako, na ukitaka kunigombeza nigombeze, mradi unijibu kabla ya Jumapili, maana Jumapili kuna kikao cha familia ya mume wangu na ajenda ni mimi.

Mimi ni dobi, nafanya kazi katika duka la kufua na kupiga pasi, kutwa nimesimama kwenye mvuke, na nimeolewa na mwanamume ambaye sikuwa na ugomvi naye mpaka siku aliyowaambia rafiki zake, mbele yangu, nimeshika sinia la chai, kwamba kitanda chetu kimeanza kuomba likizo kwa uzito wangu, wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisilie, na kesho yake nikaenda kujiandikisha kwa kocha mmoja wanayemwita Chuma, mwenye jimu juu ya duka la matairi.

Nisikudanganye, Shangazi, mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa nalala usingizi mzito, magoti yaliacha kuniuma, hata wateja wakorofi walikuwa hawanipandishi hasira. Lakini kocha akasema huo ni utoto, sasa tuingie kwenye kukauka, na kwake yeye kukauka ndiyo sifa kubwa kuliko zote, maana yake mafuta yamekwisha mwilini na misuli imejichora, basi ikawa alfajiri mbio, mchana pasi, jioni vyuma, na chakula akanikatia mpaka nikabaki na matango na ute wa yai, kiini nampa paka wa jirani, wali marufuku, mafuta hata ya kukaangia kitunguu marufuku. Nikaanza kuhisi baridi nikiwa mbele ya pasi ya moto, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, halafu hedhi ikakoma.

Mama mkwe alipojua alipiga vigelegele, maana mtoto tumemsubiri miaka yote tangu tuoane, akanunua uzi na kuanza kufuma kisweta cha njano, na mimi nikaamini, nikapima, hakuna kitu, nikapima tena, hakuna, na yule mama akakikunja kile kisweta kikiwa na mkono mmoja tu, akakiweka kabatini bila kusema neno. Afadhali angenitukana. Nikamuuliza kocha, akacheka, akasema, "Hedhi ni uchafu tu, dada. Mwili uliokauka hauna haja nayo. Homoni zako zimetulia." Akaniongezea mbio.

Sasa Jumamosi iliyopita natoka sokoni na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, Chuma akapita ng'ambo ya barabara akapaza sauti watu wote wasikie, "Dada umekauka! Umekauka kabisa! Nani kama wewe?" Na mimi kwa ujinga wangu nikatabasamu nikasema asante. Wifi akaweka kikapu chini. "Hata mtu baki ameona," akasema, "na wewe unamshukuru?" Nikamweleza kwamba hiyo ni lugha ya jimu, lakini kabla jua halijatua ukoo mzima ulishajua kwamba nimekauka uzazi, tena nimejikausha makusudi nisiharibu umbo, na kwamba nimekiri mwenyewe barabarani. Wifi anataka nikapige magoti Jumapili niombe radhi, la sivyo mdogo wake atafutiwe mke mwingine. Nilipomuuliza mume wangu anasemaje, akajibu, "Si uliyataka mwenyewe hayo mazoezi?" akaongeza sauti ya mpira kwenye televisheni.

Shangazi, ni kweli mazoezi yameniua uzazi? Niyaache ninenepe tena? Niende nikaombe radhi? Mume wangu nampenda, na mtoto namtaka kuliko ninavyoweza kuandika.

Mimi,
Dobi Mkavu

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe dobi, kaa chini kwanza, tena ukae kweli, maana naona siku hizi hukai. Barua yako nimeisoma na kikombe cha chai mkononi. Chai imepoa, hasira zangu bado.

Tuanze na Kiswahili. Hukukauka, mwanangu. Umekaushwa. Kinachokauka hukauka chenyewe, lakini aliyekaushwa ana waliomkausha, na mimi kutoka hapa nilipo nawaona mmoja mmoja.

Huyo Chuma, hedhi kaisomea wapi? Kwenye matairi? Nimemuuliza daktari wa wanawake kabla sijashika kalamu, akanieleza hivi. Amri ya hedhi inatoka kwenye ubongo, si tumboni. Ukikimbia, ukapiga pasi, ukanyanyua vyuma, halafu ukala matango, ubongo unaona nyumba haina unga, na nyumba isiyo na unga haikaribishi mgeni. Basi ubongo unapunguza homoni zinazoamuru ovari, yai halipevuki, hedhi inakoma. Hizo homoni hazijatulia, zimegoma! Na mgomo huo hauishii kwenye uzazi, kwa sababu homoni hizohizo ndizo zinazolinda mifupa yako. Leo nywele kwenye kitana, kesho mfupa unavunjika kwa kuteleza tu bafuni. Halafu mtu mzima na filimbi yake anakwambia hedhi ni uchafu! Hedhi ni taarifa, na wewe ilipokoma ulipewa taarifa kubwa ukaipeleka kwa mtu asiyejua kusoma.

Ndiyo, na wewe nakugombeza, si umeniruhusu? Unatetemeka kwa baridi mbele ya pasi ya moto, mwili unapiga yowe, nawe unamsikiliza kocha. Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio, kisha ningekupa sahani ya wali.

Lakini usiyatukane mazoezi. Ule usingizi mzito, yale magoti, ile hasira iliyopungua, hayo ndiyo mazoezi yakifanya kazi yake. Mazoezi ya kiasi huisaidia insulini kutunza sukari na hutuliza homoni za wasiwasi. Kilichokuumiza ni mazoezi kuzidi na chakula kupungua. Kwa hiyo acha mbio za alfajiri, weka vyuma chini kwa sasa, tembea, nyoosha viungo. Na ule! Wali, mafuta, maharage, yai zima na kiini chake. Paka wa jirani atajitafutia.

Kisha nenda hospitali, tena wiki hii, usisubiri mwili ujirudie. Mara nyingi hali hii hurudi vizuri mtu akila na kupumzika, ingawa huchukua miezi. Lakini hedhi hukoma kwa sababu nyingine pia, pengine tezi ya shingo, pengine kitu kingine, na mimi naona barua tu, sioni damu yako. Daktari apime.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira zangu zilipochemka upya. Umeandika kwamba mtoto mmemsubiri tangu muoane. Chuma umemjua baada ya utani wa kitanda. Hiyo miaka ya kabla ya Chuma, hedhi yako ikija kama kawaida, nani alikuwa amekauka? Wifi ameuliza? Kikao kitauliza? Mtoto haletwi na mtu mmoja, na sijasoma popote kwamba mumeo amewahi kupimwa hata mafua. Mwanamume huyo ana ulimi mrefu mbele ya rafiki zake na mfupi mbele ya dada yake! Mwambie azime mpira. Mwambie mnakwenda hospitali wawili, na anapimwa yeye kama unavyopimwa wewe. Akikataa, basi ajenda ya kikao imepatikana, na si wewe.

Kabla ya Jumapili nenda kwa mama mkwe. Yule hakukunyamazia kwa chuki, alikuwa na msiba wake mikononi. Mweleze kila kitu, baridi, nywele, matango. Mwambie asikifumue kile kisweta, lakini pia asikifume kwa kukuharakisha. Ukimpata yeye, wifi atabaki anasema peke yake.

Kikaoni nenda umeshiba. Usipige goti kwa mtu. Wifi akiuliza, mumeo ndiye ajibu, wewe kaa pembeni yake umtazame.

Na siku Chuma akikupigia tena kelele kutoka ng'ambo ya barabara kwamba umekauka, usimwambie asante. Mwambie kinachokauka ni shati, na hata shati, dobi anajua wakati wa kulianua.