Maji Kwenye Pipa Kavu

14 Machi
Leo natimiza mwaka na miezi minne tangu niondoke.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo? Goti lako limepata nafuu? Shemeji na watoto wazima? Mimi mzima, ila chumba changu kina kitanda kimoja na kiti kimoja, na Jumapili nzima hupita sijasikia hata sauti yangu mwenyewe.

Barua yako niliipata. Ulipoandika kwamba mama ameanza kusahau, ananitaja kwa jina la mjomba, niliikunja nikaenda nayo kazini.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi. Ni ghala la mapipa ya taka zenye mionzi. Sisi vibarua tunayasogeza, na fundi wa vipimo anaangalia kama ndani kuna unyevu, maana maji hulila pipa kwa ndani. Kwa kupima tu halifunguliwi. Chombo chake hurusha chembe ziitwazo nyutroni. Zinapenya chuma, zikikuta maji zinapoteza kasi, nacho kinahesabu zile zilizopoteza kasi. Mwili wa mtu nao umejaa maji, kwa hiyo akipima lazima tukae nyuma ya mstari wa njano.

Jumanne iliyopita sikukaa. Nilijibanza nyuma ya pipa, nimeliegemea, nasoma barua yako kwa mara ya kumi. Fundi hakuniona. Chombo kikaonyesha maji. Akaamuru pipa lifunguliwe likaushwe, na zamu ya kufungua ilikuwa ya mwenzangu tunayemwita Kijiko, baba wa watoto wanne.

Dada, sikufichi, nilinyamaza mpaka Kijiko alipoanza kuvaa glavu. Ndipo nikasema, "Fundi, hayo maji ni mimi."

"Wewe?"

"Nilikuwa nyuma yake."

Kijiko akaangua kicheko. "Bwege wewe! Kumbe nilikuwa naenda kukukausha wewe!"

Fundi hakucheka. Alipima upya, pipa kavu kabisa. Daktari akanikagua, akasema mionzi niliyopata ni kidogo. Lakini kwa adhabu, likizo yangu ya Juni wameisogeza hadi Septemba.

Mama nilimwahidi Juni. Naogopa nitafika nimeshakuwa mgeni kwake, na hapa sina wa kumwambia hofu hiyo ila wewe.

Nisalimie shemeji, na waambie watoto mjomba wao anawawaza. Mungu akutie nguvu, maana mzigo wa mama umeubeba peke yako.

Akiniulizia, usimtajie mwezi. Mwambie niko njiani, na kesho yake mwambie hivyo hivyo. Wewe ndiye ujue: nitafika tarehe kumi Septemba.

Akupendaye hata akiwa mbali,
Mdogo wako