Kona Ambayo Mashine Haifiki

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila ulinikataza kuanza maneno na mkubwa kabla sijamwamkia, na leo si siku ya kuanza ukaidi.

Nakuandikia kutoka bondeni, chini ya Ndanda. Nimekaa kwenye ngazi ya kombaini nikisubiri umande ukauke. Si kombaini yako. Ile ilikufa msimu uleule ulipolazwa hospitalini, na tajiri akaleta nyingine nyembamba, inayotembea kwa minyororo badala ya matairi, tena ya rota, si ya ngoma ya kupuria kama yako. Ungeisema sana. Ulikuwa ukisema ngoma inapiga na rota inafikicha, kama Mama anavyofikicha suke kiganjani, na kila zao lina tabia yake. Mtama mkavu wa Chidya uliutakia rota, punje zitoke nzima. Mpunga wenye majani mabichi ulitaka uende kwenye ngoma, maana kwenye rota majani hujisokota mpaka dereva ashuke na kisu kuyakata. Nilikubishia sana. Sasa nikiingia kwa haraka kabla umande haujakauka, nashuka na kisu. Ulikuwa sahihi, Baba, na inaniuma kwamba sina wa kumwambia.

Unakumbuka tulipopanda mlima kwenda Mnyambe, tukaisimamisha mashine uwanjani na kuilisha mbaazi kwa mikono? Ulisahau kupunguza kasi ya ngoma, ikazunguka kama iko kwenye mpunga, mbaazi zikatoka zimepasuka. Akina mama wakakutania: "Baba Fatu ametupuria na kutukobolea, bado kutupikia." Ulicheka kuliko wao. Tangu tukuzike, nyumbani kwetu hajacheka mtu.

Lakini ninachotaka kukuambia ni habari ya kona. Kila shamba uliloingia uliacha kona moja imesimama, ukamwambia mwenye shamba, "Mashine haifiki." Wajane wakaingia na visu vyao, wakavuna, na hakuna aliyeitwa ombaomba. Mimi niliyekaa pembeni yako niliona kwamba ungerudi nyuma kidogo ukaingia upya, ingefika.

Jana nilikuwa shambani kwa Baba Shaibu. Wajane walikuwa wamekaa kwenye tuta wakisubiri, na katikati yao Mama. Ametoka eda juzi tu, na hapo ndipo mahali pa kwanza alipokwenda. Shamba letu halikulimwa mwaka huu, sote tulikuwa tunakuuguza. Nilipomwona ameshika kisu na ungo, nilizima injini.

"Mbona unasimama?" Baba Shaibu akauliza. "Malizia na ile kona."

"Mashine haifiki, Baba Shaibu."

"Hii? Juzi nimeiona kwa jirani inageuka palepale iliposimama. Ile ya marehemu nilielewa, ilikuwa pana. Hii inafika."

Nilikuwa nikiisifia minyororo ile kwa kila mtu, na jana niliichukia. Angeshikilia, ningeukata mpunga wa Mama huku ananitazama.

Baba Shaibu akafuata macho yangu mpaka kwenye tuta. Akavua kofia.

"Pole na msiba, Mama Fatu," akasema. Kisha akanigeukia. "Nimeangalia vibaya. Kweli haifiki."

Mama alivuna taratibu, suke kwa suke, wala hakuinua uso. Tulipokuwa tunarudi nilimpokea ungo, na nikashindwa kunyamaza.

"Mama, ile ya Baba ilikuwa inafika."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba aiache. Mwaka ule bibi yako alipofiwa na mumewe. Aliona haya kuomba, mama yangu."

Akaketi pembeni ya njia, akalia. Nami nikaketi, nikalia naye. Ulikuwa umemwekea akiba Bibi, kisha wajane wengine, na hukujua, Baba, kwamba kona ile ingekuja kumfaa mke wako mwenyewe. Au ulijua. Ukiwa hoi ulinishika mkono ukasema, "Usisafishe shamba la mtu mpaka mwisho." Nilidhani ni homa.

Umande umekauka, Baba. Naenda kuwasha. Mama yuko kwenye tuta na wenzake, nami nimeshamwambia mwenye shamba kwamba haifiki.

Lala salama,

Binti yako, Fatu