Wimbo Chini ya Dirisha la Baba

Mtaa wa Luisen 31,
Wuppertal.
Oktoba 14, 1971.

Mpendwa Baba Mdogo Gisbert,

Pokea salamu nyingi za binti yako. Mgongo umepata nafuu? Najua theluji ya Winnipeg haina adabu, ujifunike vizuri. Mimi mzima, ila midomo imechubuka kwa kupuliza saksafoni.

Najua kaka yako amekwisha kukuandikia, na najua ameandika nini. Basi sikia na upande wangu.

Jumapili Baba alitimiza miaka sabini. Bendi ya tarumbeta ya kanisa, aliyoiongoza miaka thelathini, ilikuja asubuhi kumpigia wimbo wa sifa chini ya dirisha, kama wanavyofanyiwa wazee wote hapa. Nikajipanga nao na saksafoni yangu. Ubeti wa kwanza na wa pili nilizipiga kama zilivyoandikwa, mtoto mwenye adabu zake. Wa tatu nikauachia. Nikauvuta, nikaupasua, nikaulilia, maana ndivyo ninavyopiga kila wiki na wenzangu, bila karatasi, kila mtu akimsikiliza mwenziwe. Jazi huru si kelele, Baba Mdogo. Ni kazi, na inanitoa jasho.

Bendi ikanyamaza, mmoja mmoja. Mzee Ottokar, mpiga tromboni, akafoka, "We Almut, unampigia babako au unachinja nguruwe?"

"Nampigia babangu," nikamjibu. "Wewe kama umechoka, kapumzike."

Baba akafunga dirisha. Sikuacha. Wimbo ule una beti saba, na mzee wa miaka sabini hapunjwi hata ubeti mmoja. Nilizimaliza zote, peke yangu, kwenye manyunyu.

Sasa anataka niombe radhi mbele ya bendi nzima, la sivyo Krismasi nisikanyage kwake. Imeniuma, sikufichi. Nimelia. Lakini radhi siombi.

Nisalimie Mama Mdogo Roswitha, na mwanao Detlef umwambie aache sigara. Mungu awape majira mepesi ya baridi.

Ukimjibu kaka yako, mkumbushe kwamba ni yeye aliyenifundisha kupumua, kiganja chake tumboni mwangu, akisema, "Puliza mpaka pumzi iishe, usidanganye." Mwambie sijadanganya. Na mwakani nitakuwa palepale chini, hata akiziba dirisha kwa matofali.

Akupendaye bila kujuta,
Almut