Mchanga Uliokataa Maji

Mama,

Shikamoo. Mkono umezoea kuanza hivyo, nikauacha uandike. Hapa Mjimwema tu wazima. Kuku wako wa kijivu bado anatagia kwenye karai la kufulia, na jirani yako Mama Tekla bado anakuja jioni kukaa kwenye kigoda chako mlangoni. Mimi nakula, nalala, asubuhi nafungua genge. Watu wananiuliza naendeleaje, nawajibu naendelea vizuri, kwa sababu sina jibu jingine. Sijalia, Mama. Siku ya mazishi sikulia na mpaka leo sijalia. Mwanamke mmoja wa jumuiya yako ya kanisani alinifinya mkono palepale kaburini, nadhani alitaka kuhakikisha kama bado nasikia maumivu.

Nakuandikia kwa sababu ya mchanga wako.

Lile rundo la kijivu ulilolikaanga wiki ile ya mwisho, kabla presha haijakuangusha, ukaliweka nyuma ya jiko likisubiri usafiri wa kwenda Maposeni. Lilikuwa la miche yako ya parachichi kule shamba la juu. Tangu miti ya mteremko ule ikatwe kuchomea matofali, udongo umebaki kichanga kitupu. Ukiumwagia maji asubuhi, mchana hakuna dalili kwamba ulipita na ndoo. Watu wa hapa ukiwatajia jangwa wanacheka, wanajua jangwa ni la nchi za ngamia. Wewe hukucheka. Siku niliyokuonyesha kwenye simu watu wa nchi kame wanaupaka mchanga nta, wanautandaza juu ya udongo uliolowa ili unyevu usitoroke, uliniambia nirudie, nikarudia mpaka bando likaisha. Kisha ukasema, "Hao wana nta. Sisi tuna nailoni." Kesho yake ulikuwa unazunguka nyuma ya soko na kiroba, unaokota mifuko ya mkate na ya sukari, na mimi nimejificha kwenye genge langu nisijulikane kuwa mwanao.

Naiona mikono yako hata sasa. Nusu pipa juu ya mafiga, moto wa maranda, mchanga wa mtoni uliochekechwa. Nailoni umeifua kwa sabuni, umeianika kwenye kamba pamoja na nguo zetu, umeikata vipande vidogo vidogo, unaidondosha kidogo kidogo huku unageuza kwa mwiko ule mkubwa wa ugali wa shughuli. "Ukiona moshi, ujue umeshaharibu." Ulisema hivyo kila mara, hata nilipokuwa sijagusa kitu. Mchanga ukipoa unaudondoshea tone la maji, tone linakaa juu mviringo, halizami. Kila mara uliniita nije kuona, na kila mara nilikuambia, Mama, nimeshaona jana.

Sasa sikia walichofanya.

Unajua msiba wetu ulivyo. Mfiwa anakaa mkekani, haulizwi kitu. Majirani wanapika, wanachota maji, wanachimba, wanachukua chochote wanachokiona kinafaa. Wanaume walitaka mchanga wa kujengea kaburi, wakaona rundo limechekechwa safi, wakalipakia lote kwenye guta. Nilipofika makaburini nyuma ya jeneza, nikamkuta fundi anaumwagia maji, na maji yanateleza yanaondoka zake. Akaongeza saruji, akageuza na beleshi, akamwaga tena. Akasimama na ndoo mkononi. "Mchanga gani huu unakataa maji?" Padri alikuwa ameshafungua kitabu.

Mimi nilitaka kucheka. Moyoni nikasema, nikirudi nyumbani namsimulia Mama hili, atashika mbavu. Ndipo nikakumbuka tunamzika nani.

Walilazimisha hivyo hivyo na saruji nyingi. Siku ya arobaini tulipokwenda kuweka msalaba, jamvi la saruji juu ya kaburi lilikuwa limepasuka, ukiligusa kwa kidole linamomonyoka. Baba Mdogo akaamuru livunjwe, litajengwa jingine. Nikaona hapo hapo nafasi yangu. Mvua zilikuwa zinaisha, miche yako iko wazi, na Baba Mdogo alikuwa ameshaniambia mbele ya wajomba kwamba isipofika mvua zijazo ikiwa hai, shamba lile anapanda mikaratusi, kwa sababu nguzo za umeme zina soko. Tangu Baba afariki neno la shamba ni lake, wewe unajua. Na unajua mikaratusi inavyokunywa maji. Ulisema ikipandwa pale, hata kisima cha bondeni tukiage.

Nikamwomba niuchekeche ule mchanga niupeleke Maposeni. Akanitazama kama nimetukana.

"Mwanangu, mchanga wa kaburini haurudi nyumbani. Hata majembe tunayaosha hapa hapa."

Sikubishana. Ndivyo tulivyokuta, na sikuwa na nguvu za kubishana. Wakatupa mabonge ya saruji kando, mchanga uliobaki wakausambaza juu ya tuta kulizunguka lile ua jekundu ambalo jumuiya yako walikuwa wamelipanda na kulimwagilia pale jamvi lilipovunjwa. Tukaosha majembe, tukaondoka.

Basi nikakaanga mwenyewe. Mara ya kwanza nilitia nailoni yote kwa mkupuo, moshi ukapanda mpaka Mama Tekla akafunga madirisha, na nilichotoa ni mabonge kama kashata. Mara ya pili nikaunguza mwiko wako. Nisamehe kwa mwiko. Huko Maposeni nikawa napeleka maji kwa bodaboda, madumu mawili nyuma na mimi katikati, na yale maji yalikuwa yanaingia kichangani yanapotea. Majani yakaanza kujikunja. Michache ikafa. Niling'oa ile iliyokufa nikaitupa mbali, nisiione, na sikuhisi kitu. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi kuliko mikaratusi.

Kiangazi kilipokolea, Baba Mdogo alinipigia simu. Alikwenda kumsalimia Baba kaburini.

"Nani anakuja kumwagilia maua ya mama yako?"

Nikamwambia hakuna.

"Usinifiche."

"Baba Mdogo, hakuna."

Akaniambia nije. Nilimkuta amesimama, kofia mkononi. Makaburi yote yamekauka, nyasi zimekuwa za kuwasha moto, maua ya watu yamebaki vijiti. Kwako ua jekundu limechanua. Alichuchumaa, akausogeza mchanga kwa kidole, akachimba chini kidogo. Akatoa kidole kina udongo umeshika, mweusi, mbichi. Akakitazama kwa muda mrefu. Akaurudisha mchanga mahali pake, akaulainisha kwa kiganja taratibu, kama anayemfunika mtoto. Tulipofika njia panda akaniaga tu, akaenda zake.

Jumapili baada ya misa akaja nyumbani na kiroba begani. Nikamwamkia, akaitikia, akakiweka chini. Nailoni, Mama. Zimefuliwa. Bado zilikuwa na harufu ya sabuni. Hakusema amezitoa wapi wala kwa nini, na mimi sikuuliza, maana namjua, angekibeba kiroba chake arudi nacho. Aliniuliza tu pipa liko wapi.

Tulikaanga pamoja. Yeye motoni, mimi nadondosha. Ana haraka, unamjua, anasukuma maranda moto uwake. Nikaona kiuzi chembamba cheupe kinaanza ukingoni mwa pipa. Sikufikiri. Nikasikia tu mdomo wangu unasema, "Ukiona moshi, ujue umeshaharibu."

Naye ameinama, anavuta maranda nje haraka haraka, akajibu, "Sawa, shemeji."

Hakuinua kichwa. Mchanga ulikuwa unataka kugeuzwa, nikaendelea kugeuza.

Ulipopoa nikadondosha maji. Tone likakaa. Nikageuka nimwite mtu aje kuona, na Baba Mdogo alikuwa tayari amesimama nyuma yangu, anatazama.

Jana tumetandaza kwenye miche iliyobaki. Tulimwagilia kwanza mpaka chini, tukasubiri maji yazame, ndipo tukafunika, shina tukaliachia nafasi kama ulivyoagiza. Sijui kama itafika mvua zijazo. Baba Mdogo hajasema kwamba ameacha mikaratusi. Amesema atakuja tena Jumapili, nami nimeshachukua mwiko mwingine kwa Mama Tekla.

Kaburi lako hatutalijengea. Tumekubaliana libaki na mchanga wake na ua lake.

Lala, Mama. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakwenda Maposeni kuhesabu miche, nikitoka huko nitapita kwako nikwambie, ikiwa mingi au ikiwa mmoja. Na siku nitakapolia, popote itakaponikuta, hata kama ni gengeni mbele ya wateja, nitafunga nije kukuambia wewe kwanza.

Mwanao,
Redempta